Umeme wa Mkola na Nyuki wa Mzee Kalunga

Nimestaafu. Vijana wa ofisini walinifanyia sherehe ndogo, wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndiyo nitahitaji kujua ni saa ngapi, kisha wakaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi yetu. Vyeo na mishahara naviacha. Mambo hayo yana mafaili yake na hayana utamu. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, yaani kutangulia kijijini kabla ya mafundi, kukaa na watu, na kuhakikisha kwamba umeme wa jua unaokuja ni wao na si wa wageni wapita njia. Kwenye makaratasi mnaiita ushirikishwaji wa jamii. Sisi tulioanza zamani tuliiita kwenda kusikiliza, ingawa mara nyingi tulikwenda tukaongea.

Nilifika Tabora nikitokea Kisarawe, kwetu Uzaramoni, nikapanga chumba Ipuli. Ofisi ilikuwa Kanyenye, vyumba viwili nyuma ya duka la Bwana Karim, Mhindi aliyerithi duka la baba yake pamoja na wateja wa baba yake. Mbele ya kaunta zilining'inia taa za chemli, na pembeni alikuwa ameanza kupanga paneli ndogo za jua. Siku ya kwanza aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mradi wetu ukifanikiwa yeye atauza nini. Nikamwambia atauza swichi. Akafikiri kidogo, akasema swichi haziharibiki upesi kama tambi za chemli. Sikumbuki kama nimewahi kusikia tathmini ya soko iliyo fupi na sahihi kuliko ile.

Aliyenifunza kazi ni Mama Shija, Mnyamwezi wa huku huku, mama mnene, mtaratibu, aliyekuwa ametoka kwenye miradi ya visima. Nilikuja na begi la michoro ya rangi. Akaitazama, akaisifu, akaifungia kabatini. Kisha akanipa vifaa vyangu: kamba ndefu ya katani, vigingi na mfuko wa chokaa. "Mchoro ni wetu sisi," alisema. "Mwanakijiji mpe kamba. Izungushe pale pale panapochukuliwa, mwache aingie atembee ndani yake. Hapo ndipo atajua ni kipi kinachoondoka." Nimezunguka na kamba ile mpaka ikachakaa, nikanunua nyingine, na sijaona mashine iliyoishinda.

Alikuwa na jambo jingine ambalo alilirudia hadi nikachoka kulisikia. Alisema mkutano wa kijiji ni mahali pa kutangaza neno, si mahali pa kulitafuta. Neno hutafutwa kisimani, kilabuni, kwenye mabani watu wanapokaushia tumbaku. "Ukitaka jibu la mtu," alisema, "muulize pale ambapo jibu lake halimgombanishi na yeyote." Niliona ni maneno ya mtu aliyekaa kazini sana. Baadaye niliyaona ni sheria, na nikayatumia, kama mtakavyosoma.

Mimi nilikuwa na kifaa ambacho ofisi haikunipa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wazee wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wakapita kwetu wakilala, wakila, wakigombana na kupatana, na kilichobaki kwenye njia ile ya misafara ni utani. Vijana wa siku hizi mnadhani utani ni mzaha tu. Ni ruhusa. Mtani anaweza kukwambia mbele za watu jambo ambalo ndugu yako hawezi kukwambia ukiwa peke yako, na ukikasirika wewe ndiye uliyekosa adabu. Kila kijiji nilichoingia, wakishajua kwetu, mkutano ulianza kwa kunitukana. "Huyu Mzaramo amekuja kutuuzia jua, wakati jua letu tumezaliwa nalo," mzee mmoja wa Urambo aliniambia. Nikamjibu kwamba jua ni lake, ila giza nimemkuta nalo. Baada ya hapo tuliweza kuzungumza.

Sasa niwaeleze kuhusu kijiji nitakachokiita Mkola, upande wa Urambo. Jina lake halisi nalificha kwa sababu watu wake wako hai na wana simu.

Mkola ilikuwa ipate mtambo mdogo wa jua: paneli, chumba cha betri, nguzo na nyaya za kulisha zahanati, maduka na nyumba za karibu. Masharti ya wafadhili yalikuwa mepesi kusoma. Wao watatoa vifaa, na wanakijiji watatoa eneo na nguvu zao, yaani watasafisha kiwanja na kuchimba mashimo yote. Kijiji kisichochimba kitahesabika kuwa hakikutaka mradi, na vifaa vitakwenda kwingine. Aliyependekeza sharti hilo hajawahi kushika sululu, lakini sharti lenyewe si baya. Kitu ulichokitolea jasho hukiachi kife.

Mwenyekiti wa kamati ya umeme alichaguliwa Mzee Kalunga, mfuga nyuki, mtu mrefu wa maneno machache, Mmoravian wa kukaa benchi la mbele. Kitongoji chake kilikuwa nje kidogo ya kijiji, na kati ya nyumba yake na kijiji palikuwa na kichaka cha mitundu na mininga alichoachiwa na baba yake. Mnajua hali ilivyo Urambo, tumbaku inakaushwa kwa kuni na misitu imeingia mabanini. Kichaka kile kilibaki kwa sababu mwenyewe alikataa kumuuzia mtu hata tawi. Juu ya miti ile ilitundikwa mizinga yake ya magome, na asali yake ilifika mpaka sokoni Tabora.

Injinia wetu, kijana aliyeitwa Deo, alizunguka Mkola nzima na vyombo vyake akarudi na jibu moja: kichakani. Pameinuka, hapatuami maji, na pako karibu. Tukaenda na Mzee Kalunga, nikazungusha kamba. Mizinga tuliiona sote, haikufichwa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, na hii?"

"Mizinga inahamishika," alisema.

"Kwa hiyo hapa panafaa?"

"Panafaa."

Akaingia ndani ya kamba, akatembea kama Mama Shija anavyotaka, akatoka.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa mzuri kupita kiasi, na hilo peke yake lilitosha kunitia shaka. Mzee Kalunga alinyoosha mkono wa kwanza. Mikono mingine yote ikafuata kwa mkupuo mmoja. Swali lililoulizwa lilikuwa moja tu, na aliyeuliza ni mke wake, Bi Roza, fundi cherehani aliyekuwa akiwashonea watoto wote wa Mkola sare za shule. Aliuliza kama taa ya kushonea inakula umeme mwingi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, alisema, na siku hizi jua likiegemea magharibi haoni uzi. Deo akamjibu kwamba taa moja hainywi kitu. Bi Roza akaketi. Mimi nikaandika kwenye taarifa kwamba wanawake walishiriki.

Siku ya kuanza kuchimba tulifika asubuhi na kumkuta Mzee Kalunga peke yake. Alikuwa amevua shati, na shimo la kwanza lilikuwa limeshamfika magotini. Deo alimpiga picha, na picha ile ilitokea baadaye kwenye kalenda ya mradi, chini yake pakiwa na maneno kuhusu uongozi wa mfano. Tukangoja wengine. Hawakuja. Siku iliyofuata hawakuja. Mmoja alikuwa na tumbaku banini, mwingine alikuwa na mgeni, mwingine mgongo. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikakaribishwa vizuri, nikapewa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na kila niliyemwuliza aliniambia umeme ni jambo jema sana. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia watakuja kesho. Kesho ile ilikuwa ndefu.

Deo alianza kusema kwamba watu wa Mkola ni wavivu. Nilimwambia ayatazame mashamba yao kwanza. Lakini sikuwa na maelezo mengine ya kumpa, na wafadhili walishapata habari. Kulikuwa na kijiji kingine ng'ambo ya reli ambacho kilikuwa kimechimba mashimo yake bila hata kuambiwa. Tukaambiwa tuwape Mkola mpaka mwisho wa mwezi, kisha lori lipakie nguzo. Nilimtazama nesi wa zahanati, aliyekuwa ameshafagia kona ya kuweka jokofu la chanjo, nikaona heri nisimwambie bado.

Katikati ya mwezi ule Bi Roza alifariki. Alikuwa akiumwa tangu masika, kimya kimya, na wengi wetu hatukujua kiasi chake.

Nilikwenda msibani, kwanza kwa sababu ndivyo inavyopaswa, pili kwa sababu mtani asipofika msibani anakuwa amewavunjia heshima wenyewe. Nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba tukichambua mchele. Jirani yao mmoja, Mama Kabula, akaniangalia akaanza.

"Mtani, wewe ugali wetu usiuguse. Mnatutuma tukachimbe chini ya nyuki wa mtu, halafu mnakuja kula msiba wake."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. "Si mwenyewe alisema panafaa?"

"Kasema, tumemsikia. Lakini huku kwetu mtu haingii na jembe kwenye mizinga ya mwenzake, hata akiruhusiwa. Leo kakuruhusu. Kesho nyuki wamehama, maana nyuki wakikatiwa miti hawafuati mzinga, wanakwenda zao. Atamtazama nani? Atanitazama mimi niliyechimba."

"Basi mbona mlinyoosha mikono?"

"Mwenye mali kanyoosha wa kwanza. Sisi ni nani tumkatalie mali yake?"

Nikaendelea kuchambua mchele. Mambo yote yalikuwa wazi sasa, na yalikuwa wazi kwa kila mtu Mkola isipokuwa sisi wenye vyombo vya kupimia. Kijiji kilikuwa kimemheshimu mzee mara mbili, kwa kumwitikia mkutanoni na kwa kutokwenda kuchimba. Heshima ya kwanza ilitupa kichaka, ya pili ikatuzuia kukitumia. Na yeye mwenyewe hakuweza kurudisha neno lake mbele ya wageni, au ndivyo nilivyodhani. Kilichohitajika ni mtu wa kumfungulia mlango arudi bila aibu. Nikamkumbuka Mama Shija na mahali pa kuulizia.

Jeneza lilipokwisha kuteremshwa kaburini, nilifanya ambacho watani hufanya. Nilinyakua beleshi, nikaketi juu ya kifusi cha udongo, nikatangaza kwamba marehemu hafukiwi mpaka Mzaramo alipwe. Watu wakaguna kwa furaha, maana msiba usio na mtani hunyong'onyea. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa kule kule, alifunga kitabu chake akasogea pembeni. Wakanirushia sarafu. Nikazirudisha.

"Sitaki hela zenu," nilisema. "Namtaka mwenye msiba. Anilipe neno moja tu, la kweli, nami nimpe beleshi lake."

Mzee Kalunga akasogea. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Sema, mtani."

"Pale kichakani kwako, panafaa kujengwa au hapafai?"

Kila mmoja pale alijua ninachouliza, na kila mmoja alijua kwamba mtani juu ya kaburi hadanganywi wala hachukiwi. Mzee aliinamisha kichwa akatazama chini shimoni.

"Hapafai," alisema.

Nikasimama, nikampa beleshi. Yeye mwenyewe akatupia udongo wa kwanza.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, na safari hii watu walisema kama watu. Wakatoa kiwanja upande wa pili wa kijiji, karibu na ghala la chama cha msingi. Deo alilalamika kwamba pameinama, wakamwambia watapasawazisha, wakapasawazisha. Mashimo yalichimbwa kabla mwezi haujaisha, na lori lililokuja kupakia nguzo likatumika kuzisambaza. Jokofu la zahanati likapata kona yake. Katika taarifa niliandika kwamba eneo lilibadilishwa baada ya mashauriano na jamii, na ofisi iliipenda sentensi ile, nikaambiwa niifundishe mikoa mingine. Nimeifundisha.

Palikuwa na hasara moja, ya kiufundi. Mtambo ulipohamia upande wa pili, waya uliotosha kupita kichakani haukutosha kuvuka kijiji kizima mpaka kitongoji cha Mzee Kalunga. Nguzo ziliishia kwenye maduka. Nyumba yake, ambayo kwa mpango wa kwanza ingekuwa ya mwanzo kabisa kuwashwa, iliachwa kwa awamu ya pili. Awamu ya pili mnaijua. Nilimweleza mwenyewe, akasema ni sawa, na akaendelea kuiongoza kamati kama kawaida, akigombana na watu waliochomeka pasi kwenye waya wa taa.

Siku ya kuwasha kulikuwa na hotuba, ngoma na soda. Shughuli ilipokwisha, Mzee Kalunga aliniambia nipite kwake nichukue asali. Tuliketi uani jioni ikiingia. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani niliona cherehani imefunikwa kitambaa safi, kilichopigwa pasi. Ng'ambo ya kichaka taa za Mkola ziliwaka zote pamoja, weupe mmoja juu ya miti, na huku kwake mjukuu alikuwa akisafisha kioo cha chemli.

Nilikuwa mtu mwenye furaha siku ile, na nilitaka kumpa sehemu yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, ungetuambia mapema kwamba kichaka unakipenda, tusingekusumbua. Mpaka nikukabe makaburini."

Akamimina asali kwenye chupa, polepole, bila kumwaga. Hakuonekana kukasirika.

"Nilikwambia panafaa, mtani, na palifaa," alisema. "Miti ilikuwa yangu. Mama alitaka kuona uzi wake jioni. Nikahesabu nikaona nyuki wataondoka, waondoke, nimekula asali yao miaka mingi. Yeye hakujua kwamba hawatarudi. Alidhani mizinga inahamishika. Ndiyo maana nilikwenda kuchimba peke yangu, nilijua wenzangu hawatakuja."

"Lakini mbele ya watu ulisema hapafai."

"Uliniuliza ukiwa umekaa juu ya udongo wake. Ningekujibu nini? Aliyeutaka umeme alikuwa amelala pale chini." Akafunga chupa kwa gunzi la mahindi, akalikandamiza kwa kiganja. "Ungeniuliza kwa utani hivyo hivyo juma moja kabla, ningekujibu vile vile kama mwanzo, na wenzangu wangeniamini wakachimba. Na yeye angekuwa amekufa akijua taa yake inakuja."

Sisemi kwamba nilikosea. Nyuki wako pale mpaka leo, na watoto wa Mkola wanachanjwa dawa iliyokaa kwenye baridi. Nikiulizwa na mkaguzi, nitatetea kila hatua. Swali lilikuwa la haki, mahali palikuwa pake, jibu lilikuwa la kweli.

Mzee alinikabidhi chupa kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu mtani hapokei kitu hivi hivi. Anakidharau kwanza, anasema kichungu, anadai kingine, mwenyeji anamtukana, ndipo anaondoka. Alisimama akaningoja niseme. Nikaipokea hivi hivi, kwa mikono miwili, nikasema asante.